Mama Picha na Jua la Saa Sita

Mwaka huu nilirudi Karatu kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Misa ilitoka saa sita na ushee, na wewe unajua, siku ya kipaimara hakuna anayekwenda kula kabla ya kupiga picha. Uwanja wa kanisa ulijaa simu zilizoinuliwa juu. Jua lilikuwa utosini, vumbi jekundu limeamka, na kaka alikuwa amemsimamisha binti yake mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Anapiga, anatazama, anakunja uso, anapiga tena.

"Hebu ona," akaniambia. "Mbona anatoka kama mkaa?"

Nikaona. Gauni liling'aa mpaka linauma macho, lakini juu ya kola palikuwa na kivuli tu, na meno yakichungulia. Nikamshika mtoto begani, nikampeleka kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, nikamsimamisha hatua moja ndani ya kivuli, uso ukitazama uwanjani. Nikamwambia kaka aguse uso kwenye kioo cha simu, asiguse gauni. Picha ikatoka. Mtoto akaitazama, akacheka kwa furaha.

"Shangazi, umesomea wapi haya?"

Kaka akanijibia. "Kwa bibi yako. Mimi nilikuwa nacheza mpira wenzangu wakifundishwa."

Basi tangu siku hiyo moyo wangu umekuwa ukizunguka kule kule, kwenye nyumba ya mbao iliyokuwa kando ya barabara kuu, kabla lami haijafika. Magari ya watalii yalipita kwenda kreta ya Ngorongoro yakiacha wingu la vumbi, na vumbi lile lilikuwa halibishi hodi. Liliingia kwenye sukari, kwenye vitanda, kwenye nywele. Mama alikuwa na studio yake mle ndani, na watu wote walimwita Mama Picha, hata sisi wanawe tukimtafuta sokoni tulimwita hivyo ili watu wajue tunamtafuta nani.

Mama na baba walitokea Kilimanjaro. Baba alikuwa dereva wa watalii, wiki nzima yuko porini na wageni wake, akirudi ananuka moshi na mafuta ya gari. Mama alijifunza kupiga picha akiwa msichana, Moshi mjini, kwenye studio ya mjomba wangu. Kule mambo yote yalifanyika ndani: taa mbili, kiti kimoja, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mwanga ulikaa pale alipouweka. Alipofika Karatu alikuta umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, na watu wenyewe hawakutaka pazia. Walitaka kupigwa nje, kwenye nyumba zao, na ng'ombe wao, na baiskeli mpya, na mahindi yaliyokauka vizuri. Kwa hiyo mama akatoka nje, akakutana na jua.

Asubuhi zetu zilianza na baridi. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukalala juu ya mashamba ya ngano, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko la mkaa, kuchemsha uji wa ulezi, kisha kunyunyizia maji mbele ya studio ili vumbi litulie. Mama alikaa kwenye kigoda akifuta lenzi kwa kipande cha kanga kuukuu kilicholainika kwa kufuliwa. "Kamera haipendi vumbi," alikuwa akisema, "na Karatu haina kingine." Nyuma ya ukuta ilisikika cherehani ya jirani yetu. Jirani huyo alikuwa mke wa mwalimu wetu wa shule ya msingi, tukimwita mama mwalimu, na binti yao alikaa na mimi dawati moja. Tulikuwa hatuachani. Nikila kwao makande, yeye anakula kwetu mtori jioni, na hakuna mama aliyeuliza mtoto yuko wapi.

Mwaka tulipopokea komunyo ya kwanza, mama mwalimu ndiye aliyeshona magauni ya wasichana wote, na mama ndiye aliyepewa kazi ya picha. Ilikuwa kazi kubwa kwake. Mpaka hapo watu walimjua kwa picha za vitambulisho na za mmoja mmoja. Hii ilikuwa ya parokia nzima. Alitupanga mbele ya ukuta mweupe wa kanisa saa sita mchana, mashati meupe, magauni meupe, mishumaa myeupe. Kamera yake ilikuwa na mshale mdogo ndani, ukichungulia unauona. Mshale ukikaa katikati, mwanga umetosha. Mama alizungusha pete ya lenzi, ile inayoongeza na kupunguza mwanga, mshale ukakaa katikati kabisa, akapiga. Mwenyewe aliridhika. Nakumbuka alivyokuwa akiimba njiani kurudi nyumbani.

Baba aliipeleka filamu Arusha kusafishwa, maana Karatu hapakuwa na mashine. Ulikuwa unangoja wiki, wakati mwingine zaidi, kutegemea wageni wa baba wamekaa porini kwa muda gani. Bahasha ilipofika mama aliifungua mezani, nikiwa nimeegemea bega lake. Sikuelewa mara moja. Niliona kanisa zuri jeupe. Niliona kola, riboni, mikunjo ya magauni, kila mshono. Na juu ya kila kola, giza. Macho yalikuwa mashimo. Nilijitambua kwa sababu ya soksi tu, moja ilikuwa imeshuka.

Mama alizipanga picha kama karata, akazitazama moja moja, akaenda jikoni akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Wazazi walikuja kuzichukua, na heshima yao ilimuumiza kuliko kama wangegomba. "Si mbaya, Mama Picha." "Jua lilikuwa kali siku ile." Mama mwalimu alisema magauni yametoka vizuri, kisha akajutia kusema hivyo. Aliyesema ukweli alikuwa mmoja tu, naye alitoka Endabash.

Huyo alikuwa mama mzazi wa mwalimu, bibi yake rafiki yangu. Alikuwa Mwiraqw mrefu mwenye mgongo ulionyooka, na kila alipokuja mjini alibeba boga, hata kama anakuja kugomba. Siku hiyo aliingia uani kwetu na boga lake na ile picha.

"Shikamoo, mama," mama yangu akamsalimia.

"Marahaba, mwanangu." Akampa boga. Kisha akainyoosha picha. "Gauni nimeliona. Ni zuri. Sasa nionyeshe mjukuu wangu."

Mama akainamisha kichwa. "Ni yule wa pili kutoka kushoto, mama."

"Wa pili kutoka kushoto ni kivuli. Huyu mtoto anahama, mwanangu. Baba yake amepewa uhamisho, wanakwenda Samunge. Unapajua Samunge? Mimi sipajui. Naambiwa ni mbali, huko milima ya Loliondo. Mimi shamba langu siliachi, kwa hiyo watakwenda na mimi nitabaki. Nilitaka nibaki na uso."

Hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba rafiki yangu anaondoka. Yeye mwenyewe hakuwa ameambiwa bado.

Mama alimkaribisha bibi sebuleni, lakini bibi hakupenda viti vyetu vya sponji. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ndani kidogo ya kivuli, akiangalia uani, akaletewa chai ya maziwa. Mama akasimama kumpa kikombe, halafu hakukiachia. Walishika kikombe wote wawili, bibi akivuta na mama amesimama anamkodolea macho.

"Una nini, mwanangu?"

"Usiondoke hapo, mama. Tafadhali usiondoke."

Akakimbilia studio. Mimi nikamtazama bibi, nikaona alichokiona mama, ingawa nilikuja kukielewa baadaye. Nje jua lilikuwa kali vile vile, lakini halikumgusa. Liligonga ardhi ya uani, ile tuliyoifagia asubuhi, likarudi juu taratibu, likamwagika usoni kwake. Kila mkunjo ulionekana. Macho yalikuwa na nuru ndani yake. Nyuma yake jiko lilikuwa jeusi, na hakuna cheupe cha kumshindania. Mama alirudi na kamera, akachungulia mshale kutoka mbali, kisha akamsogelea bibi karibu, karibu sana, akachungulia tena. Mshale ulikuwa umehama: kutoka mbali ulipima kila kilichokuwa mbele yake, karibu ulipima uso tu. Hapo ndipo alipopiga paja kwa nguvu.

"Ulikuwa unanidanganya!" akaiambia kamera. "Unatazama ukuta! Unatazama magauni!"

Bibi akanigeukia. "Mama yako anaongea na chombo?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya." Akanywa chai yake.

Kamera haikuwa na filamu ndani siku ile, kwa hiyo bibi aliondoka bila picha. Lakini wiki iliyofuata mama aliweka filamu mpya, akatugeuza sisi shamba la majaribio. Alitupiga uani saa sita, saa ile ile iliyomshinda. Ili asisahau picha ipi kaipiga vipi, alitutaka tuonyeshe vidole: kimoja juani, viwili chini ya mparachichi, vitatu mlangoni mwa jiko, vinne juani tena lakini tumelipa jua mgongo. Zile picha ninazo mpaka leo. Chini ya mparachichi nina madoa ya mwanga mwili mzima kama mtoto wa chui. Baba yupo na kofia yake ya safari iliyomla nusu ya uso, ameonyesha vidole vinne na mdomo umefura, kwa sababu ugali wake ulikuwa unapoa. Zilizopendeza zilikuwa za vidole vitatu. Mama akazibandika juu ya kitanda chake, na tangu hapo, akitaka kumwambia mtu akae mahali pazuri, alikuwa anasema tu, "Njoo hapa kwenye vitatu," na wateja wakidhani ni msemo wa Kichaga.

Safari ya mwalimu ikafika. Lori lilianza kupakiwa asubuhi na mapema: vitanda, cherehani imefungwa kwa blanketi, kuku ndani ya tenga. Mama alikuwa amekubaliana na mama mwalimu kwamba watapigwa picha saa mbili, jua likiwa bado pole, bibi akishafika kutoka Endabash. Bibi hakufika. Ilikuwa saa tatu, saa nne, na hakuna gari lililotokea upande ule. Mimi na rafiki yangu tulikaa juu ya gunia la maharage tukishikana mikono, tukiombea lori lisiwake. Dereva alizunguka akipiga mateke matairi. Alikuwa anataka kuvuka geti la Ngorongoro mapema, apite hifadhini kabla giza halijamkuta.

Bibi alitokea jua likiwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Gari alilopanda liliharibika njiani, akatembea kipande kilichobaki, boga kichwani. Jasho lilikuwa linamtiririka lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Mvalisheni gauni," alisema kabla hata ya kusalimia.

Gauni lilikuwa chini ya mizigo. Mwalimu, mtu mpole sana, akataka kusema kitu, akamtazama mama yake, akapanda lorini kulitafuta.

Dereva akapiga honi. "Jamani! Geti halinisubiri mimi!"

"Tupigwe hapa hapa," mwalimu alisema, akionyesha mbele ya lori. "Jua lipo la kutosha, Mama Picha."

Mama alikuwa na haya mbele ya walimu. Siku zote alizungumza nao kwa sauti ndogo. Siku ile alitikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Jua hili hili liliniibia mtoto wako mara ya kwanza. Naomba dakika chache."

Alizunguka nyumba. Saa sita kivuli hakina pa kukaa; kila ukuta ulikuwa na ukanda mwembamba kama mkanda wa suruali. Mwisho akasimama kwenye mlango wa mbele wa nyumba yao, uliobaki wazi, vyumba vitupu nyuma yake vimejaa giza. Akawaweka pale: bibi kwenye kigoda chetu, rafiki yangu kando yake ndani ya gauni lililokunjamana, mwalimu na mkewe nyuma. Akawasogelea, akachungulia, akauma mdomo. Pale mbele hapakuwa na uwanja uliofagiwa kama kwetu, palikuwa na majani na majivu ya jiko. Ardhi nyeusi ilikuwa inameza jua, hairudishi kitu.

"Nahitaji kitu cheupe," alisema. "Shuka, kitambaa cha meza, chochote."

"Viko chini ya kitanda, na kitanda kiko chini ya kabati," mama mwalimu akajibu, sauti ikianza kupasuka.

Hapo yule dereva, aliyekuwa ananung'unika tangu asubuhi, akafungua mlango wa lori, akavuta kutoka nyuma ya kiti rundo la mifuko mitupu ya sandarusi, ile myeupe ya unga. "Hii haifai?"

Mama alitaka kumkumbatia. Tukaitandika chini mbele ya mlango, mimi upande mmoja na dereva upande wa pili, na nakwambia, ilikuwa kama mtu amewasha taa. Mwanga ukapanda kutoka chini ukaingia machoni mwao, ukaingia chini ya paji la bibi, ukaingia hata kwenye lile kovu dogo juu ya nyusi ya rafiki yangu ambalo alilipata kwa kuanguka kwenye bembea tukiwa wawili.

Mama akamkaribia bibi mpaka kamera ikakaribia kumgusa pua, akautazama mshale, akaizungusha pete ya lenzi.

"Unataka kuninusa?" bibi akauliza.

Mwalimu alianza kucheka kwanza. Sikuwahi kumwona akicheka shuleni. Akafuata mkewe, akafuata mtoto, na bibi mwenyewe akashindwa kujizuia. Mama alirudi nyuma haraka bila kugusa tena ile pete, akapiga. Akapiga tena. Kisha lori likawaka, rafiki yangu akapandishwa na gauni lake jeupe mwilini, hakukuwa na muda wa kulivua, na nililiona gauni lile likielekea upande wa msitu mpaka vumbi likalifunika. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Bibi alikaa na mimi kwenye mlango ule mtupu, hakuniambia ninyamaze. Alinipa boga nilishike.

Picha ziliporudi kutoka Arusha, mama alikataa kuifungua bahasha. Alinichukua mimi, tukapanda gari la mizigo mpaka Endabash, tukapita kwenye mashamba ya mbaazi hadi kwa bibi, ndipo akamwambia, "Fungua wewe, mama."

Bibi aliitoa picha akaisogeza mbali, kisha karibu. Alinong'ona kitu kwa Kiiraqw. Alipitisha kidole kwenye lile kovu juu ya nyusi.

"Sasa huyu anapumua," alisema.

Mama aliketi chini pale pale, kwenye vumbi, kama mtu aliyetua mzigo.

Bibi akaendelea kutazama. Akakunja uso. "Na huyu kikongwe aliyekaa ni nani?"

Tukatazamana. Hakuwahi kujiona kwenye picha. "Ni wewe, bibi," nikamwambia.

"Nimezeeka hivi na hamkuniambia?" Akacheka kicheko kile kile kilichokuwa kwenye picha, akatupikia ugali wa mtama na maziwa mgando, na hatukuruhusiwa kuondoka mpaka tumemaliza.

Baada ya hapo kazi ya mama ilibadilika. Maharusi walimngoja. Wanawake wa Kimaasai walikuja kutoka Endulen na shanga zao nyeupe zilizojaa kifuani, zile zinazodanganya mshale kuliko ukuta wowote, na walirudi na nyuso zao. Mwenzake wa kazi akimuuliza siri ni nini, alimwambia bila kuficha: msogelee mtu, umpime yeye, usipime alichovaa. Nadhani aliishi hivyo hata bila kamera.

Bibi wa Endabash alifariki miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nafanya kazi Dodoma. Rafiki yangu, ambaye sasa ni muuguzi huko huko Loliondo, ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia walipotafuta picha ya kuwekwa juu ya jeneza haikupatikana nyingine yoyote. Ilikuwa ile ile tu. Wakakata sehemu yenye bibi peke yake, wakaikuza. Kwa hiyo watu wa Endabash walimsindikiza bibi anayecheka. Watoto wadogo ambao hawakumjua walicheka pia walipoiona, na hakuna mkubwa aliyewakanya.

Studio ya mama sasa ni duka la vocha na chaji za simu. Mama yupo, macho yake yamepungua nguvu, na hapigi tena. Mimi naipenda simu yangu, sitaki kukudanganya. Lakini ninaikumbuka ile wiki ya kungoja, filamu ikiwa Arusha na baba akiwa porini, wakati hakuna aliyejua kama nyuso zetu zimetoka. Mama alikuwa akisimama kwenye kizingiti kila gari lilipopunguza mwendo, akipangusa mikono kwenye kanga, na sisi sote tukisimama nyuma yake.